Daftari la Mafuta Machafu

Mwaka wa kwanza walinilipa mimi.
Pauni tano kwa pipa, niwaondolee uchafu.
Bi Stavroula wa duka la chipsi, Mtaa wa Freeman, Grimsby,
alisukuma mlango wa nyuma kwa goti,
ndoo mkono huu, ndoo mkono ule:
Chukua, mpenzi, yananuka.
Nikachukua.
Lori langu la mtumba lililia breki kila kona,
na moshi wake ulinukia chakula cha mchana
hata watoto njia panda walitugeukia, wakimeza mate.

Mama yangu, Tanga, hakumwaga mafuta.
Aliyachuja kwa kipande cha kanga kilichochoka:
maandazi Jumatatu, samaki Jumanne,
Alhamisi yakawa meusi kama kahawa ya matanga,
na bado akayapaka bawaba za mlango.
Nilipomwambia kwenye simu
kwamba huku watu wananilipa nibebe mafuta yao,
alinyamaza kitambo.
Wana wazimu, akauliza, au kuna jambo unanificha?

Kiwanda kilikuwa nje ya Immingham, matangi mawili na banda.
Neville Utterby alinifundisha akiwa na sigara isiyowashwa mdomoni,
maana methanoli haina mzaha:
changanya, tia soda kali, pasha moto
kama maji ya kuoga mtu jasiri, kisha ngoja.
Gliserini huzama, nzito, kama deni.
Juu hubaki dizeli, rangi ya asali.
Tulikuwa wanne. Tukawa kumi na wanane.
Tukapata sare, na choo cha pili.

Mwaka wa tatu serikali ikatoa vyeti:
lita moja ya taka ihesabiwe mbili.
Neno «taka» likanunua tai.

Mwaka wa nne mimi ndiye niliyelipa.
Peni ishirini kwa lita. Thelathini. Arobaini na tatu.
Bi Stavroula akatafuta miwani na daftari lake,
tukawa na madaftari mawili yasiyosomana.
Siku moja nilitumbukiza kijiti cha kupimia:
theluthi ya pipa ilikuwa maji.
Akaangalia dari.
Nami nikaangalia dari.
Tukakatana bei bila kuangaliana.

Mwaka wa sita, wezi.
Makufuli yakakatwa usiku, mapipa yakanyonywa kwa pampu,
na polisi kijana aliyekuja kuandika
aliuliza mara mbili, kalamu hewani:
Yaliyokwisha kutumika?
Nikamjibu, ndiyo, afande, hayo hayo.

Halafu ikaja meli.
Tumbo lake lilibeba mafuta kuliko yote niliyozoa maishani,
kutoka mbali, na karatasi zake zote
zikiapa kwamba yamekaanga.
Neville akachovya kidole. Akanusa.
Haya, alisema, hayajawahi kuonana na samaki.
Lakini cheti ni cheti, muhuri ni muhuri,
na meneja alikuwa na watu wa hisa wa kuwajibu.
Wiki ile bei yangu ilianguka
kama mtu aliyekanyaga sakafu ya duka la chipsi.

Banda sasa lina kufuli ambalo hakuna mwizi anayelitamani.
Kumi na wanane tukawa sita, sita wakawa mlinzi na redio.
Neville anafuga kuku Louth,
anasema kuku hawabadiliki kwa amri ya waziri.

Jana nilipita Mtaa wa Freeman, mvua ya kuchomachoma.
Mlango wa nyuma ukasukumwa kwa goti,
goti lile lile, sasa lina bandeji.
Lita arobaini, akasema. Safi. Sijatia maji.
Nikafungua daftari. Safu ya bei ilikuwa tupu.
Tukasimama pale, mimi na yeye,
kila mmoja mkono mfukoni,
tukiwa hatujui
leo ni nani amlipe mwenzake.